Kutembelea vilima vya mchanga na ufuo wa Shela, Lamu: mwongozo wa hatua kwa hatua

Vilima vya mchanga vya Shela huanza pale nyumba za mwisho za kijiji zinapoishia. Unapita kichochoro chembamba chenye kuta za mawe ya matumbawe, unapanda kidogo, na mbele yako hakuna ukuta tena: ni mchanga mtupu, vichaka vya hapa na pale, na nyuma yake Bahari ya Hindi. Chini ya vilima hivyo kuna ufuo wa karibu kilomita 12, unaozunguka upande wa kusini wa Kisiwa cha Lamu mpaka kukaribia kijiji cha Kipungani.

Hakuna lango wala kibanda cha tiketi. Ndiyo maana wageni wengi hudhani ni mahali pasipo na mwenyewe, wakapanda popote na kuacha chochote. Eneo hili limehifadhiwa kisheria, na sababu kubwa kuliko zote imefichika chini ya miguu yako: humo ndimo yanamotoka maji ya kunywa ya Shela na ya Mji wa Lamu. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata maji ya aina mbili. Kuna maji ya bahari, ambayo ndiyo yatakayokupangia saa zako zote. Na kuna maji matamu yaliyo chini ya mchanga, ambayo ndiyo yatakayokwambia ukanyage wapi na usikanyage wapi.

Hatua ya 1: Chagua majira

Pwani hii huishi kwa pepo mbili. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Bahari hutulia, mvua ni haba, jua ni kali. Kusi huingia mwezi wa Aprili pamoja na masika, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi. Juni hadi Agosti hakuna joto sana, lakini kusi hupiga moja kwa moja ufuo wa Shela kwa kuwa unaitazama bahari kuu. Mawimbi huwa makubwa na mchanga huruka kiasi cha kukuchoma miguuni. Oktoba na Novemba upepo hupungua, ingawa mvua za vuli huweza kukupata siku moja mbili.

Ukiniuliza mimi, Januari, Februari na Oktoba ndiyo miezi bora kwa mtu anayekuja kutembea kwa miguu. Anayekuja na watoto wadogo wa kuogelea asije Julai.

Angalia pia kalenda ya Kiislamu. Wakati wa Maulidi mji hufurika wageni kutoka pwani nzima na vyumba huadimika, basi weka nafasi mapema. Mwezi wa Ramadhani unaweza kuja bila shida, ila mikahawa mingi hufungwa mchana, na si adabu kula wala kunywa mbele za watu waliofunga. Panga kula nyumbani ulikofikia, na jioni utafaidi: wakati wa kufuturu hakuna mahali pazuri pa kuwa kama Lamu.

Hatua ya 2: Fika kisiwani

Kwa ndege, utashuka kwenye uwanja ulio Kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mkondo. Kutoka hapo ni boti tu, kwenda mjini au moja kwa moja Shela. Kwa basi, unatoka Mombasa kupitia Malindi, Garsen na Witu mpaka Mokowe, gati lililoko bara, kisha boti. Anayetoka Tanzania kwa barabara huvuka mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga, akalala Mombasa, ndipo asubuhi apande basi la Lamu.

Barabara ya Garsen hadi Mokowe sasa ina lami, lakini sehemu za bara za kaunti hii zimewahi kushambuliwa, na vizuizi vya polisi ni vya kawaida. Safiri mchana, chukua basi la asubuhi, weka kitambulisho au pasipoti mahali pa karibu, na siku moja kabla uliza kituoni hali ya njia ikoje. Watu wa mabasi huwa na habari za karibuni kuliko mtandao.

Toa pesa ukiwa mjini Lamu kabla ya kwenda Shela. M-Pesa hupokelewa karibu kila mahali, ila noti ndogondogo za boti na madafu usikose.

Hatua ya 3: Soma maji kabla ya kupanga saa

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, na ndiyo inayoamua kama utafurahi au utataabika. Huku bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Ufuo ulioukuta mpana saa nne asubuhi unaweza kuwa ukanda mwembamba wa mchanga laini saa kumi jioni.

Tazama mwezi. Unapoandama, na unapokuwa mpevu, ndiyo siku za bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katika pwani hii, siku hizo maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, yakapwa karibu saa nne hadi saa tano asubuhi. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: tofauti ni ndogo, na saa hugeuka, maji hujaa katikati ya asubuhi. Kila siku inayopita huchelewa kwa kama dakika 50. Ukishika hayo matatu, huhitaji hata simu, ingawa jedwali la maji la Lamu hupatikana kwa simu na ni vizuri kulinganisha.

Sasa panga hivi. Kutembea ufuo mrefu kunataka maji yanayopwa asubuhi, kwa hiyo chagua siku za bamvua au mbili tatu baada yake: unaanza maji yakiwa yanashuka, unatembea juu ya mchanga mgumu uliolowa, na mguu hauzami. Kupanda vilima kunawezekana siku yoyote, mradi iwe mapema au jioni. Kwenda kwenye magofu ya Takwa, Kisiwa cha Manda, kunataka maji yaliyojaa, maana boti hupita kwenye mkono wa bahari wenye mikoko ambao hukauka maji yakitoka. Kwa hiyo siku za maji mafu ndizo nzuri kwa Takwa asubuhi.

Ukipanga kwa saa ya mkononi peke yake, utajikuta unatembea kilomita nyingi kwenye mchanga laini, jua la utosi, huku boti yako imelala topeni.

Hatua ya 4: Funga mzigo

Lamu iko takriban digrii mbili tu kusini ya ikweta, na ukishapita hoteli ya mwisho ya Shela hakuna duka, hakuna bomba, na kivuli ni cha kutafuta. Maji ndiyo mzigo wako wa kwanza: lita tatu kwa mtu mzima anayetaka kutembea asubuhi nzima, ndani ya chupa ya kujaza tena. Tangu Juni 2020 Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumika mara moja katika hifadhi na fuo zake, zikiwemo chupa za maji, mirija na sahani za plastiki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku kabla ya hapo, mwaka 2017. Anayetoka nchi nyingine aikague mizigo yake kabla ya mpaka.

Kofia yenye ukingo mpana au kilemba, leso au kikoi cha kujifunika mabega, viatu vya wazi vyenye kamba nyuma ya kisigino (kandambili hung'oka kwenye mchanga), tende au mahamri, na kitambaa cha kufungia simu. Chembe za mchanga wa Shela ni ndogo mno, huingia kwenye tundu la chaja na kwenye lenzi. Fungia simu kwenye kitambaa, uitoe ukiwa umeupa upepo mgongo.

Mafuta ya jua yapake nyumbani nusu saa kabla, si pale ufuoni, ili yashike ngozini badala ya kuoshwa baharini.

Hatua ya 5: Toka mjini kwenda Shela

Ni mwendo wa takriban kilomita tatu. Kwa boti ya abiria ni safari fupi: unasubiri gatini mpaka ijae, unalipa kama wenzako. Ukiikodi peke yako, patana bei kabla ya kuingiza mguu, na uulize kama ni kwenda tu au kwenda na kurudi. Baada ya magharibi bei hupanda. Kwa miguu ni kama dakika 40 hadi 45 kando ya bahari, lakini maji ya bamvua yakijaa njia hiyo hufunikwa sehemu kadhaa, ukalazimika kuvua viatu au kupita njia ya ndani.

Shela ni kijiji cha watu wanaoswali, wanaozika, wanaooza mabinti zao. Utakapokuwa ndani ya vichochoro, mwanamke ajifunike mabega na magoti, mwanamume avae shati. Nguo za kuogelea zibaki ufuoni. Salimu kwanza ndipo uulize njia. "Asalamu aleikum" hufungua milango ambayo haraka huifunga. Usipige picha za wanawake wala watoto bila kuomba. Ukipita karibu na Msikiti wa Ijumaa, uliojengwa mwaka 1829, inua macho uone mnara wake, mnene chini na kuchongoka juu. Ni alama nzuri ya kurudia ukipotea huko juu kwenye mchanga.

Tumia choo kijijini kabla ya kupanda. Nitaeleza sababu sasa hivi.

Hatua ya 6: Panda vilima kwa adabu ya kisima

Mvua ikinyesha juu ya mchanga huu haifanyi mto wala dimbwi. Hunywewa papo hapo, ikashuka taratibu ikichujwa, mpaka ikakutana na maji ya chumvi yaliyoingia kutoka baharini. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo hayazami. Hulala juu yake. Wanaosoma maji ya ardhini wana kanuni yao: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Tafsiri yake kwa mtu wa Lamu ni nzito. Ukivuta maji mengi visimani hadi uso wake ushuke kidogo tu, chumvi hupanda kwa wingi kutoka chini, na kisima kikishaonja chumvi hakirudi haraka.

Visima vya Shela viko pembezoni mwa vilima hivi, na kutoka huko maji hupelekwa mpaka mjini. Ndiyo maana ujenzi juu ya mchanga ni jambo linalowagusa wenyeji mpaka leo: kila nyumba inayopanda kilimani ni paa linalozuia mvua, shimo la choo juu ya maji ya kunywa, na bomba jingine la kuvuta. Nawaunga mkono moja kwa moja. Mandhari ya kutazamia machweo haiwezi kuwekwa mizani moja na kisima cha mji mzima.

Ukitaka kuyaona haya kwa mkono wako, fanya hivi asubuhi. Tafuta mahali pa mchanga mtupu, pasipo na mmea. Juu utakuta umekauka, mwepesi, unapeperuka. Chimba kwa kiganja mpaka kiwiko. Utahisi ubaridi kwanza, kisha chembe zinaanza kushikana na kukubali kufinyangwa. Ni unyevunyevu wa mvua ya siku nyingi, bado unashuka. Fukia shimo lako, uendelee.

Sasa namna ya kupanda.

Panda kupitia njia ambayo tayari imekanyagwa. Ukitoka kijijini utaona nyayo za watu na punda zimeshachora njia. Zifuate hata kama zinazunguka. Upande unaopigwa na upepo huwa na mteremko wa pole na mchanga ulioshikana, rahisi kwa mapafu yako. Upande wa nyuma ni mkali, mchanga wake umelegea, kila hatua mbili zinakurudisha moja. Panda kwa wa kwanza, shuka kwa wa pili.

Kaa mbali na mimea inayotambaa. Kuna mmoja utakaouona kila mahali karibu na bahari, wenye kamba ndefu zinazotambaa mita kadhaa, maua ya zambarau, na majani yaliyopasuka ncha kama kwato za mbuzi. Inama uutazame. Kila pingili imeshusha mizizi yake mwenyewe, na nyuma ya kila jani kuna kirundo kidogo cha mchanga ambacho upepo ulikuwa ukikipeleka kijijini, kikazuiliwa. Kilima huanza hivyo na husimama kwa hivyo. Ukiikanyaga kamba hiyo mara nyingi inakatika, sehemu ya mbele inakufa, upepo unapata mlango. Mlango huo hupanuka kila kusi mpaka unakuwa shimo, na mchanga uliokuwa umetulia unahamia kwenye bustani za watu.

Watoto hupenda kuteleza, na hakuna ubaya. Wachagulie mteremko mtupu usio na jani hata moja, mmoja tu, wautumie huo huo.

Kuhusu choo: haja yoyote unayoiacha juu ya mchanga inaelekea kwenye maji ya watu. Mchanga huchuja, lakini hauchuji kila kitu. Ndiyo maana nimesema jisaidie kijijini. Ukibanwa njiani, usiingie vichakani kilimani. Rudi kijijini, hata kama kutakuchelewesha. Takataka zote, hadi kokwa za tende na maganda ya machungwa, rudi nazo.

Ukifika juu, geuka. Upande mmoja ni mkondo kati ya Lamu na Manda, majahazi yakipita. Upande mwingine bahari kuu. Na mgongoni mwako mapaa ya Shela, mikoma na minazi. Muda mzuri ni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu, au baada ya saa kumi alasiri. Adhuhuri mchanga huchoma nyayo. Jioni, anza kushuka jua likiwa bado linaonekana, kwa sababu katika ukanda huu giza huingia upesi, na vilima vyote hufanana.

Hatua ya 7: Tembea ufuo

Usitembee peke yako. Ukipita hoteli ya mwisho unaweza kwenda saa nzima bila kuonana na mtu, na wapita njia wamewahi kuporwa huko. Nendeni wawili watatu, au mchukue mwongozaji mwenye kitambulisho. Anayejua mahali ataweza pia kupanga boti iwangojee upande wa pili.

Safari kamili ni Shela hadi Kipungani, kijiji kinachojulikana kwa ususi wa mikeka, vikapu na kofia. Ni kilomita 12 na ushei, saa tatu hadi nne kwa mtu asiye na haraka. Anzeni alfajiri ya siku za bamvua, maji yakiwa yanashuka. Mtembee kwenye ukanda uliolowa. Agizeni boti iwachukue Kipungani, maana kurudi kwa miguu mchana ni kujitesa. Na boti hiyo nayo inategemea maji. Muulizeni nahodha saa anayoitaka yeye, si mnayoitaka nyinyi. Wasio na nguvu ya safari nzima watembee saa moja kwenda, warudi kwa nyayo zao.

Mtapita mahali palipopiganiwa Vita vya Shela, karibu mwaka 1812. Jeshi la Mazrui, watawala wa Mombasa, na washirika wao wa kisiwa cha Pate liliteremka Shela kuja kuitiisha Lamu. Watu wa Lamu waliwarudisha nyuma, na walioshindwa walipokimbilia vyombo vyao walikuta maji yamepwa, vyombo vimekaa mchangani. Wengi waliuawa hapo hapo ufuoni. Baada ya ushindi huo Lamu ilitafuta ulinzi wa Seyyid Said wa Oman, na ile ngome inayoonekana katikati ya mji ikamalizwa mwaka 1821.

Upepo bado hufukua mabaki ya watu kwenye mchanga huu. Ukiona mfupa, usiuguse, usiupige picha za kuchezea, wala usiuchukue. Funika kidogo kwa mchanga, shika alama ya mahali, ukawaambie watu wa makumbusho mjini. Ni mabaki ya Waislamu waliokufa bila kuzikwa ipasavyo, na wapo mjini watu ambao mababu zao walipigana upande mmoja au mwingine.

Makombe na kauri nayo yaache. Kaa wengi huishi ndani ya makombe matupu.

Hatua ya 8: Ingia majini

Mbele ya kijiji, kwenye mkondo wa Lamu na Manda, maji ni tulivu kwa macho lakini hukimbia sana yanapojaa na yanapopwa, na boti hupita mfululizo. Ogelea pale karibu na ufuo, wakati maji yametulia kati ya kujaa na kupwa, na usijaribu kuvuka kwenda Manda kwa kuogelea.

Ukishazunguka ncha na kuikabili bahari kuu, hakuna mwamba wa kuvunja mawimbi. Hakuna mwokoaji pia. Siku za kaskazi ni raha. Siku za kusi baki maji ya kiunoni. Mkondo ukikushika na kukuvuta nje, usipambane nao kuelekea ufuoni. Elea, ogelea sambamba na ufuo mpaka uhisi umekuachia, ndipo urudi pamoja na mawimbi.

Ukitembea kwenye maji ya magoti, buruta miguu badala ya kuiinua. Samaki aitwaye taa hulala chini ya mchanga na huchoma kwa mkia akikanyagwa. Ukimburutia mguu hukimbia mwenyewe. Akikuchoma, tumbukiza mguu kwenye maji moto unayoweza kuvumilia, kisha nenda hospitali.

Hatua ya 9: Ukimkuta kasa

Kasa hupanda fuo za Lamu usiku kutaga. Asubuhi utaona mburuzo mpana kutoka majini hadi juu ya mstari wa maji makuu na kurudi. Usiukanyage, usichimbe, usichomeke kijiti cha kuonyesha mahali. Wajulishe wahifadhi wa kasa kupitia nyumba uliyofikia. Wao wanajua kama kiota kiachwe au kihamishwe. Mayai hukaa mchangani kama miezi miwili, na muda huo wote hatari kubwa ni miguu yetu, mbwa, na maji ya bamvua.

Usiku zima tochi ya simu. Kasa jike akiona mwanga anaweza kugeuka asitage, na watoto wake wakitoka shimoni huelekea kwenye mwanga badala ya baharini. Ukikaa kimya mbali, nyuma yake, utaona jambo ambalo hutalisahau.

Ukiwa na muda, saidia kuokota plastiki. Bahari huleta kandambili, nyavu na vifuniko vya chupa kutoka mbali. Mafundi wa Lamu walionyesha la kufanya nazo: jahazi la Flipflopi, la urefu wa mita tisa hivi, lilijengwa hapa kwa plastiki zilizokusanywa, likazinduliwa Septemba 2018 na mwaka uliofuata likasafiri mpaka Zanzibar.

Hatua ya 10: Vuka kwenda Takwa

Siku ya maji mafu, au alasiri ya bamvua, kodi mashua uende Takwa upande wa pili wa Manda. Utapita katikati ya mikoko, na nahodha atachungulia kina kila mara. Magofu yako chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwa hiyo beba pesa za kiingilio. Kuna msikiti mkubwa wenye nguzo juu ya kibla, mibuyu mizee, na kaburi la nguzo lenye maandishi ya mwaka 1094 wa Hijria, yaani 1683. Ukitembea kidogo kupita magofu unafika vilima vya mchanga vingine, na nyuma yake ufuo wa bahari kuu ambao mara nyingi hauna mtu.

Watu waliishi Takwa tangu karne ya 15, wakahama karne ya 17. Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni visima kuingiwa na chumvi. Walivuka wakaenda kuishi Shela, penye mchanga wenye maji matamu, na wazee wa Shela bado hurudi Takwa kufanya ziara na kuomba mvua. Ukiwakuta siku hiyo, simama kando na usubiri mpaka dua iishe.

Usikawie Takwa hadi maji yatoke. Nahodha akikuita, nenda.

Hatua ya 11: Kwa wenye siku zaidi

Kaskazini zaidi, kuelekea mpaka wa Somalia, iko Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyoanzishwa mwaka 1979, yenye visiwa vidogo kadhaa, matumbawe na nyasi za bahari. Kisiwa cha Kiwayu, chembamba na kirefu, kina vilima vya mchanga upande mmoja na mikoko upande mwingine. Ni safari ya kutwa kwa jahazi au saa chache kwa boti ya mashine, na katika njia ya Mkanda, kati ya Manda na bara, chombo hupita maji yakijaa tu. Fika kwanza ofisi ya Shirika la Wanyamapori la Kenya mjini Lamu, uulize hali ya usalama kwa wiki hiyo na namna ya kulipia kiingilio. Wakikwambia usiende, usiende. Wakikwambia nenda, beba maji na chakula cha siku zote pamoja na ya ziada siku moja, na uifanye safari hiyo wakati wa kaskazi, kwa kuwa kusi hufanya mawimbi kuwa makubwa mara tu chombo kinapotoka kwenye kinga ya visiwa.